Mishale ya Mau Narok

Mke wangu amenikataza kusimama dirishani treni inapopita. Anasema mzee aliyestaafu akiendelea kutazama saa kila honi inapolia, majirani watadhani anangoja kukamatwa. Nimejaribu kumtii. Nimepanda sukuma wiki, nimeenda kanisani siku za kazi, nimejaribu hata kulala mchana, na bado mwili hautulii. Basi nyinyi vijana mliobaki katika chumba cha kuongozea treni hapa Nakuru, mkiona maandishi haya ni marefu, mlaumuni mama huyo aliyeniondoa dirishani.

Sitawasumbua na habari za vyeo. Nilipanda nilipopandishwa, na mshahara ulifika mwisho wa mwezi ukaisha katikati yake, kama wenu. Nataka kujibu lile swali la siku mliyoniandalia chai ya kuniaga. Wawili wenu mlikuwa mmetoka semina ya usalama wa reli. Mhadhiri alikuwa amewaeleza kwamba kikundi chenye silaha hakishindwi kwa kukimbiza mtu mmoja mmoja porini. Kinafaa kutazamwa kama mfumo mzima: chakula kinaingia wapi, habari zinatoka wapi, ukigusa sehemu moja sehemu gani nyingine inatikisika. Mkaniambia hiyo ni elimu mpya kabisa, mkaniuliza kama sisi wazee tuliwahi kuisikia. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, mkanipigapiga mgongoni, na swali likapotea.

Sikuwa nawadharau. Elimu hiyo niliifanyia kazi miaka ya hamsini, mwanzoni mwa Hali ya Hatari, kwa penseli za rangi na karatasi za kaki. Nilikuwa na umri wenu.

Niliingia kazini kama wengi wa watoto wa reli tulivyoingia, kupitia baba. Yeye alikuwa mchochea moto wa injini, mtu wa magharibi aliyekuja Nakuru kwa mwaka mmoja akazeekea hapo, na mimi nilizaliwa kwenye landi, zile nyumba za reli zilizobanana. Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bwana Pritam, Kalasinga mwembamba ambaye sauti yake ilijulikana kwenye simu ya kila stesheni kuanzia hapa hadi Mau Summit. Nilikuwa nimevaa tai. Aliitazama tai, akanipa wembe na sanduku la penseli, akaniambia nichonge zote. Nilichonga mpaka saa ya chakula. Aliporudi alizijaribu moja moja kwenye ukucha, akavunja ncha za karibu nusu yake, akanirudishia sanduku.

Nyinyi mnayo mashine sasa, lakini grafu ni ile ile. Saa zinakwenda kulia, stesheni zinapanda juu: Nakuru chini kabisa, kisha Njoro, Elburgon, Molo na kuendelea. Kila treni ni mstari. Mstari uliolala ni treni inayojikokota, uliosimama ni treni inayokimbia. Mahali mistari miwili inapokutana lazima pawe na stesheni ambapo treni moja itapisha nyingine, la sivyo umechora ajali.

Bwana Pritam alikuwa na sheria zake mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza, grafu haifutwi. Ukikosea unakata kwa penseli nyekundu, ili anayekuja zamu ya pili aone ulichodhani na kilichotokea. Ya pili ilinichosha zaidi. Kabla hajakuruhusu kuchora sehemu yoyote ya njia, ilibidi uipande kwanza, tena kwa treni ya mizigo, nyuma kabisa katika behewa la gadi.

"Wewe nachora mlima hajapanda?" alikuwa akiniuliza. "Karatasi hapana mlima, Zakaria. Karatasi yote iko sawasawa."

Ilikuwa miaka mibaya. Katika misitu ya Mau na ng'ambo kwenye Aberdare kulikuwa na watu waliokula kiapo na kuchukua silaha, na sisi kwa sauti ya chini tuliwaita watu wa msituni. Serikali iliwasaka, na kila Mkikuyu wa mashamba ya Wazungu alitazamwa kama mmoja wao mpaka athibitishe vinginevyo, na njia ya kuthibitisha hakuna aliyeijua. Huku upande wa Elburgon mlinzi mmoja wa shamba alikatwakatwa kwa mapanga, mtu niliyekuwa nikimsalimia stesheni kila nilipopita. Sisi watu wa magharibi tulikuwa katikati. Serikali ilituona salama kwa sababu ya majina yetu, na watu wa msituni walituona vibaraka kwa sababu hiyo hiyo. Mama alikuwa akihesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango, na mimi nilikuwa na ndevu tayari.

Katika hali hiyo ndipo nilipoazimwa. Kamati ya usalama ya wilaya ilikuwa imepata meja mmoja ambaye kabla ya jeshi alikuwa mhandisi wa maji. Jina lake nitaliacha. Sisi makarani tulimwita Bwana Mishale. Alikuja chumbani kwetu kuulizia treni ya askari, akaiona grafu ukutani, akasahau treni. Alisimama pale akifuata mistari kwa kidole, akimuuliza Bwana Pritam maswali kama mtu aliyempata ndugu aliyepotea. Kesho yake barua ya kuniomba ikafika. Bwana Pritam alinitoa mimi kwa sababu, alivyosema, penseli zangu zilianza kufaa.

Ofisini kwa Bwana Mishale palikuwa na ukuta mzima uliofunikwa kwa karatasi za kaki. Kila shamba lilikuwa duara, kila duka mraba, na kati yao mishale: ya kijani kwa chakula, ya buluu kwa habari, ya njano kwa dawa na nguo. Mwenyewe aliusimamia ukuta ule bila kuketi, akinieleza kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Sisi hapana fukuza mtu," alisema. "Mtu moja kufa, mtu ingine iko. Sisi natafuta bomba. Posho napita wapi? Habari napita wapi? Funga bomba, basi, msitu nakauka yeye mwenyewe."

Nawaambia ukweli, nilivutiwa. Nilikuwa nimechoshwa na kuogopa kitu nisichokijua umbo lake, na hapa palikuwa na mtu anayekipa umbo. Wenzake kwenye kamati walizungumzia viboko na mabomu. Yeye alizungumzia magunia. Tena alikuwa na adabu ya kusema hajui asipojua, jambo ambalo ofisi ile haikulizoea. Nilichora kwa bidii. Taarifa zilitoka kwa walinzi wa mashamba na kwa wasimamizi, nami nikazigeuza kuwa mishale, na kila jioni ukuta ulikuwa umependeza zaidi ya asubuhi.

Uzuri huo ndio uliotuponza. Katika shamba moja kubwa la Mau Narok, la ngano na viazi, walinzi waliripoti kwamba wanawake wa laini, yaani yale makao ya wafanyakazi, walikuwa wakibeba posho kuelekea nyumba moja. Si mmoja wala wawili, ni wote. Nyumba moja ikipokea makopo ya posho kutoka nyumba zote, hilo ni ghala. Juma lililofuata tulipata taarifa nyingine: posho imehamia nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Nilichora mishale ya kijani ikikusanyika hapa, kisha pale, kisha kule, ukingoni mwa msitu wa Mau. Ukisimama mbali na ukuta ulimwona adui mwerevu anayehamisha ghala lake kila juma asikamatwe.

Kamati iliitwa kuja kutazama. Mwenyekiti wao, tuliyemwita Bwana Mkubwa, hakuwa mtu wa kutazama michoro, lakini huu aliutazama. Akamleta mpiga picha. Akasema kwa Kiingereza kwamba hatimaye ameonyeshwa kitu kinachoeleweka. Kichwani mwake bomba lilikuwa limepatikana, na kulifunga maana yake ilikuwa moja tu: laini nzima ya shamba lile ipakiwe, waume kwa wake, wazee kwa watoto wachanga, irudishwe rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuishi wala kuwa na kipande cha ardhi.

Bwana Mishale hakufurahi kama nilivyotarajia. Alizungukazunguka chumbani. Mimi nilikuwa na fahari yangu, nikaipeleka kwa Bwana Pritam wakati wa chai, nikamweleza mchoro wote wa Mau Narok.

Aliuliza swali moja. "Wewe nafika Mau Narok?"

"Sijafika, Bwana Pritam."

Aliweka kikombe chini akaacha kuniangalia. Nilirudi kwa Bwana Mishale mbio, nikamwambia kwamba kwetu reli mtu hachori asikopanda. Nilidhani atanikaripia. Badala yake alivaa kofia yake, akaivua tena, akaniandikia pasi ya kupitia vizuizi na kunitafutia nafasi kwenye lori la viazi lililokuwa likirudi juu tupu. Yeye mwenyewe, alisema, akienda na sare atakutana na milango iliyofungwa tu.

Mau Narok ni baridi inayoingia kwenye meno. Nilishuka lori ukungu ukiwa bado umelala mashambani, nikiwa na koti la reli na viatu vya mjini, nikauliza njia ya laini. Nyuma ya nyumba, kwenye viploti ambavyo mwenye shamba aliwaachia wafanyakazi walime vya kwao, niliwakuta wanawake wamejipanga mstari mmoja wakichimba viazi. Walikuwa wakiimba. Waliponiona wakaacha wimbo ila majembe yakaendelea. Mmoja mwenye mabega mapana, leso nyekundu kichwani, alinyooka akanipima kutoka viatuni kwenda juu.

"Wewe kijana, ni wa serikali ama ni wa kanisa?"

"Ni wa reli, mama."

"Reli haifiki hapa." Wakacheka. Alimnyang'anya mwenzake jembe, akanitupia. "Hapa hakuna mtu anasimama akiangalia watu. Kama umekuja, chimba."

Basi nikachimba. Jina lake lilikuwa Wambui, mama wa watoto wakubwa, na ndiye aliyekuwa akipanga nani achimbe wapi. Nilikata viazi vingi kwa jembe hivi kwamba aliniweka nyuma, niokote tu. Mchana tuliingia nyumba ya mwenye kiploti, mwanamke kijana aitwaye Nyambura, na pale mlangoni kila mmoja akatoa kikapuni kopo la unga, akamimina kwenye sufuria moja kubwa. Mishale yangu yote ya kijani ilikuwa pale mbele yangu, ikipikwa.

"Kwa nini mnaleta unga huku?" niliuliza, na nadhani sauti yangu haikuwa ya kawaida, kwa sababu Wambui alinitazama vizuri kabla ya kujibu.

"Hii ni ngwatio. Leo tunachimbia huyu, wiki ijayo tunachimbia mwingine, mpaka kila mtu achimbiwe. Zamani mwenye shamba ndiye anapikia watu. Sasa posho yenyewe tunapimiwa kidogo, ya mtu mmoja italisha hawa wote? Ndiyo kila mtu anakuja na kopo yake. Kwenu hamsaidiani?"

Kwetu tunasaidiana. Mama yangu mwenyewe alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, kule magharibi na hapa landi, na kama angeuona ule ukuta angeutambua kwa kutupa jicho mara moja. Mimi nilikuwa nimeuchora na sikuutambua, kwa sababu kwenye karatasi hakukuwa na jembe wala wimbo, kulikuwa na unga tu.

Nikauliza lile la pili, ambalo sikutaka kuliuliza. "Na watu wa msituni, hamwapi?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Nyambura alitazama chini. Wambui ndiye aliyejibu, bila haraka.

"Mtu akija mlangoni na panga, akuambie ana njaa, wewe utamwelekeza dukani? Wamekuja. Wamekula. Askari nao wamekuja, wamekula kuku wangu wote mpaka yule wa kutaga. Sasa kama unaandika, andika wote."

Sikulala huko. Nilirudi na lori la jioni, juu ya magunia, nikiwa na hamu moja tu ya kufika kwenye penseli nyekundu. Bwana Mishale alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alikwenda mwenyewe ukutani, akakata mishale yote ya Mau Narok, mmoja baada ya mwingine.

"Mimi pumbavu," alisema. "Pumbavu kubwa sana." Kisha akaniambia kitu ambacho mhadhiri wenu hakuwaambia. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa pili, akatazama karatasi yote. "Zakaria, ona. Mishale yote natoka kwa wao. Hakuna moja natoka kwa sisi. Sisi iko wapi hapa?"

Akachora duara katikati, akaandika jina la ofisi yetu, akaanza kutoa mishale: amri inayokwenda shambani, watu wanaopakiwa, na kutoka kwa hao waliopakiwa mshale mwekundu unaorudi msituni, maana kijana aliyeng'olewa nyumbani bila kosa atakwenda wapi? Tulikuwa sehemu ya mfumo tuliodhani tunautazama. Siku hizi jambo hilo mnaliita marejesho, na ni neno zuri. Yeye alikuwa na penseli nyekundu tu.

Alipoupeleka ukuta huo mpya kwa kamati, Bwana Mkubwa aliusifu mchoro, akasema kwamba kwa bahati mbaya picha za ule wa kwanza zimekwisha kwenda Nairobi. Uamuzi ulikuwa umefanyika siku niliyokuwa nachimba viazi. Idadi ya watu ilikuwa imetajwa kwa wakubwa, na mabehewa yalikuwa yameombwa. Treni maalum ingesimama Njoro, malori yashushe watu kutoka Mau Narok, waondoke.

Sijui kama mmewahi kujua jambo baya litakalompata mtu mnayemjua kwa sura, na yeye hajui. Nilishindwa kula. Akilini nilimwona Wambui akipanga mstari wa juma lile, nikajiuliza ni kiploti cha nani watakachoacha bila kuchimbwa. Nilikwenda kwa Bwana Pritam, nikamweleza yote, na nikaomba kitu ambacho karani haombi. Nilimwomba aicheleweshe ile treni.

Alikasirika. "Mimi hapana chelewesha gari. Maisha yangu yote, hata moja." Akanoa penseli iliyokuwa imenoleka. "Lakini iko sheria," akasema. "Sheria mingi sana, watu nasahau."

Basi aliifuata sheria. Zile zote tulizozoea kuziruka ili kazi iende, alizifuata moja baada ya nyingine. Maziwa na viazi vya Molo vina haki ya kupita kwanza kwa sababu vinaoza, basi vilipita, na kila debe la maziwa lilingojwa. Breki za mabehewa matupu zilikaguliwa hapa Nakuru, zikakaguliwa tena. Taa za ishara zilijaribiwa. Gadi alikumbushwa saa zake za kupumzika, akashangaa kwamba anazo. Nimeona treni nyingi zikichelewa kwa uzembe. Hiyo ndiyo ya pekee niliyoona ikichelewa kwa utiifu.

Wakati huo Bwana Mishale alikuwa njiani kwenda Mau Narok. Alikuwa amegundua kwamba Bwana Mkubwa hatikiswi na mshale wowote uliochorwa, akaamua kutafuta unaotikisa. Alimkuta mwenye shamba, akamuuliza swali dogo: viazi vyako vitachimbwa na nani? Mwenye shamba yule hakuwa rafiki wa Wakikuyu. Alikuwa amepiga kelele sana watiwe adabu. Ila hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watu watakaopakiwa ni wake, na kwamba ni wakati wa mavuno. Alipiga simu kwa Bwana Mkubwa. Nasikia simu ile haikuhitaji waya. Kesho yake asubuhi amri ikabatilishwa: laini ya shamba lile isiguswe.

Nilikimbia kutoka ofisi ya wilaya mpaka chumba cha kuongozea treni, nikamwambia Bwana Pritam mlangoni kabla sijavuta pumzi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nililia, na sioni haya kusema. Kisha tukatazama grafu, na mstari wa ile treni maalum ulikuwa bado uko pale, unapanda kuelekea Njoro. Nikamuuliza kama tuukate.

"Bado hapana amri ya kukata," alisema. "Pengine narudi tupu. Wewe panda, lete habari."

Nilipanda katika behewa la gadi. Njoro hapakuwa na malori, na nilifurahi kuona jukwaa limekaa wazi hivyo. Kisha stesheni masta akatoka na karatasi ya njia: treni iendelee Molo. Gadi hakujua kwa nini, wala dereva. Tulipanda mlima na mabehewa yetu matupu yakigongana, ukungu ukishuka kutukuta, na nilijua kabla hatujafika. Nilikuwa nimefundishwa na watu wawili hodari kutazama vitu vinavyopita kwenye mistari, na nilijua kwamba treni iliyoombwa haitembei bure.

Malori yalikuwa yamepangwa kando ya jukwaa la Molo. Watu walikuwa wameketi chini juu ya mizigo yao, kuku wamefungwa miguu, sufuria zimefungwa ndani ya mablanketi. Nilimuuliza askari hawa ni wa wapi. Akanitajia shamba ambalo halikuwahi kuwa kwenye ukuta wetu. Hakukuwa na duara lake, wala mshale.

"Walifanya nini?" niliuliza.

"Bwana yao amemaliza kuvuna. Anataka kuweka kondoo," alisema, akisugua soli za viatu vyake kwenye reli kama mtu aliyechoka kusimama. "Nairobi iliambiwa watu watakuja. Sasa treni iende bila watu?"

Mwanamke mmoja mzee aliona koti langu la reli, akadhani mimi ni mkubwa. Alinyanyuka na kunishika kifuani. "Baba," aliniita, mimi wa umri wa wajukuu zake, "uliza vizuri. Wamekosea shamba." Nikamwambia nitauliza. Nilimsaidia kupanda, na sikuuliza mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Niliwapigia simu Nakuru kama inavyotakiwa. Bwana Pritam akatoa njia, treni ishuke. Hakuna sheria iliyobaki ya kufuata. Alikuwa amezimaliza zote. Treni ile ilishuka bila kuchelewa popote.

Bwana Mishale aliomba uhamisho, akaondoka kabla ya mvua. Ukuta uliviringishwa ukawekwa mahali, mimi nikarudishwa kwenye grafu yangu, na nyinyi mnajua mengine kwa sababu mmekaa kwenye kiti nilichokikalia. Mkiulizwa semina ijayo, waambieni kwamba mfumo upo, mhadhiri hakudanganya. Muulizeni tu amejichora wapi.

Majuma machache baadaye Wambui alikuja Nakuru na lori la viazi, akaniulizia stesheni mpaka akanipata. Sijui nani alimwambia. Shambani habari hazikosi njia. Alikuwa na kikapu cha viazi vya kuchemsha vilivyofunikwa kwa kitambaa, bado vya moto, na alicheka tangu mlangoni. Aliniketisha kwenye benchi la abiria kama mtoto wake, akafunua kikapu, akasema wameniombea kanisani jina langu likitajwa.

"Wanasema hata hiyo treni ilikuwa imekuja kutuchukua," alisema. "Ikarudi tupu."

Ningeweza kuitikia. Kichwa changu kilikuwa kimekwisha kuanza kuinama. Nikamwambia hapana, mama, haikurudi tupu, ilichukua watu wa Molo.

Kicheko kilimtoka usoni polepole. Alitazama njia ya reli, upande wa kupanda.

"Walikuwa wengi?"

"Kama nyinyi," nilimjibu.

Akavuta kitambaa akavifunika vile viazi, na hakuna kati yetu aliyekula.